Mchuzi wa chupa umekugomea: anza na dalili, rudi kwenye lebo

Ijumaa moja nilimimina chupa nzima ya korma, mchuzi wa Kihindi wa dukani, juu ya kuku, nikapakua na wali wa nazi, nikamwita mamdogo kutoka Ngamiani aje tule. Alionja, akatua kijiko, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, huu ni mchuzi au ndizi mbivu za futari?"

Nilikuwa nimefuata maelekezo ya lebo hatua kwa hatua. Kuku kaiva, hakuna kilichoungua, tarehe ya chupa bado iko mbali. Kosa nililifanya siku nilipoichagua ile chupa, kwa sababu sikujiuliza aliyeutunga mchuzi ule alikuwa anampikia nani.

Kila chupa ina mtu iliyempikia. Hizi wanazotuletea ndugu kutoka Uingereza, au tunazozikuta supamaketi za Dar na kwenye maduka ya Wahindi hapa mjini Tanga, nyingi zimetungwa kwa mtu mwenye minofu ya kuku wa kisasa, wali mweupe usiotiwa kitu, jiko la umeme, na nusu saa tu ya kupika akitoka kazini. Sisi tunaifungulia chupa hiyo hiyo kwenye sufuria nyembamba juu ya mkaa, na ndani yake tunatia jogoo aliyezunguka uani mwaka mzima au kolekole wa asubuhi kutoka soko la samaki la Deep Sea, na pembeni wali wa nazi unasubiri. Wakigongana hao wawili, mtu wa chupa na sisi, mchuzi unagoma.

Kichekesho ni kwamba chupa hizi zina undugu na sisi. Patak's, moja ya majina makubwa kabisa kwenye biashara hii, ilianzishwa na L. G. Pathak, aliyehama na familia yake kutoka Kenya kwenda Uingereza mwaka 1956 na kuanza kwa kuuza sambusa na vitu vitamu. Herufi H ikaondolewa kwenye jina ili Waingereza walitamke bila taabu. Pilipili nayo, ukionja, utaona imepunguzwa kwa ajili ya watu wale wale.

Basi tafuta hapa chini dalili unayoiona kwenye sufuria yako. Ila kwanza epua, au punguza moto, na usiongeze chochote. Michuzi mingi niliyoiona ikifa iliuawa na mkono uliokuwa unaitengeneza: chumvi kidogo, maji kidogo, nyanya kidogo, mwisho hakuna anayejua kilichokosekana mwanzo.

Ni mtamu, unachusha

Hili ndilo tatizo la Tanga hasa. Wali wetu umeshabeba nazi. Ukiukutanisha na mchuzi wenye nazi, krimu na sukari, mdomo haupati pa kupumzikia. Vijiko vitatu vya kwanza ni raha, cha nne ni kazi.

Geuza chupa usome viungo. Kwa kanuni za lebo zinazofuatwa kimataifa, viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kinatangulia. Ukiona sukari imekaa kabla ya kitunguu saumu na tangawizi, huo mchuzi ni mtamu hata kama picha ya nje ina pilipili tatu nyekundu. Ukiona krimu, nazi na sukari vyote katika vile vinne au vitano vya mwanzo, usiupeleke kwa wali wa nazi. Upeleke kwa chapati za maji, kwa boflo, kwa wali mweupe. Korma ile ile iliyonifedhehesha mbele ya mamdogo niliila tena na mkate wa ajemi, nikaramba sahani.

Majina ya nje ya chupa yanasaidia ukiyajua. Korma ya chupa ni laini, ya krimu, nazi na mara nyingi lozi au korosho. Tikka masala na ile ya siagi (butter chicken) zina nyanya, lakini krimu na sukari zimeifunika. Tikka masala imetoholewa kwa ulimi wa Kiingereza kiasi kwamba mwaka 2001 Robin Cook, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliiita chakula cha kweli cha taifa lake. Kwa wali wa nazi mimi natafuta upande wa pili wa rafu: madras, yenye nyanya na ukali, jalfrezi, yenye pilipili hoho na pilipili mbichi, rogan josh, yenye asili ya Kashmir, nzuri kwa nyama ya mbuzi, dopiaza, ambayo jina lake maana yake ni vitunguu mara mbili. Hizi zina uchachu na zinakata nazi badala ya kuiongeza.

Vindaloo nayo ni ya upande huu. Jina lake limetoka kwenye Kireno, vinha d'alhos, nyama iliyolowekwa kwenye divai na kitunguu saumu, likapitia Goa na divai ikageuka siki. Wareno hao hao walituachia neno meza na neno leso, na ndio walioileta pilipili kutoka Amerika hadi pwani za Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mtu akikuambia vindaloo ni chakula cha kigeni, muulize pilipili mbuzi ni ya nani.

Kama utamu umeshaingia kwenye sufuria: kamulia ndimu baada ya kuepua, au tia maji mazito ya ukwaju vijiko viwili wakati unachemka, na pasua pilipili mbichi moja uitose nzima. Usikimbilie chumvi. Chumvi juu ya sukari inaleta kitu kingine kabisa, kibaya zaidi.

Chapwa, au unanukia binzari mbichi

Sababu karibu zote ni mbili. Ya kwanza: kuku kachemshwa na supu nyingi, kisha chupa imemiminwa juu ya supu yote. Chupa ya gramu 400 au 500 imepimiwa watu wanne hivi, na haina nguvu ya kutawala lita ya maji. Acha sufuria wazi, moto wa wastani, mpaka mchuzi upungue. Ukitaka rojo zaidi, saga kiganja cha korosho na maji kidogo utie. Usitie unga wa ngano mkavu. Utapata madonge na ladha ya gundi.

Ya pili: hujakaanga. Viungo vya mchuzi huachia harufu kwenye mafuta ya moto zaidi ya kwenye maji, na hilo bibi zetu walilijua kabla lebo hazijazaliwa. Kama umenunua pesti, yaani viungo vizito vilivyokolezwa, ikaange pamoja na vitunguu vilivyokwisha kuwa vya kahawia, kwa moto mdogo, mpaka uone mafuta yamejitenga pembeni na harufu imebadilika kutoka ya unga kuwa ya chakula. Hapo ndipo unatia nyanya au maji. Kama ni sosi ya kumimina, imeshapikwa kiwandani, lakini harufu yake imelala. Iamshe mwishoni: kwenye kikaango kidogo pasha vijiko viwili vya mafuta, tia kijiko cha chai cha uzile (binzari nyembamba) mzima na kitunguu saumu kilichokatwa vipande vyembamba, vikianza kupiga kelele na kuwa vya dhahabu, mimina vyote juu ya mchuzi na ufunike dakika mbili. Kitunguu saumu kikiwa cheusi, mwaga uanze tena, kwa sababu ukitia hicho utarudi kwenye mwongozo huu kutafuta dalili ya uchungu.

Uchungu, kwa njia, hutoka hapo hapo: kitunguu saumu kilichoungua, uwatu uliokaangwa kupita kiasi, au manjano iliyotiwa kwa mkono wa ukarimu. Haufutiki. Tui zito huupunguza kidogo.

Ukali, chumvi na mafuta vyote vimezidi kwa pamoja

Umetumia pesti kama sosi. Chupa zake zinafanana kwa mbali na rafu ni ile ile, lakini pesti ni viungo vilivyokolezwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta, chumvi na asidi. Kijiko kimoja au viwili vya mezani vinatosha sufuria ya familia. Nimeshamuona mtu akimimina yote.

Hakuna dawa zaidi ya kuigeuza sufuria moja kuwa mbili: gawa, ongeza vitunguu, nyanya za kusaga zisizo na chumvi na tui kwenye kila sufuria, na uwaite majirani.

Tui limekatika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hufikiri chupa ni mbovu. Umetia tui lako la kukuna kwenye sosi ya madras, umefunika, umekwenda kuanika nguo, umerudi umekuta maji ya njano yenye chembechembe nyeupe kama jibini iliyosambaa.

Tui ni matone ya mafuta yanayoelea ndani ya maji, na kinachoyazuia yasijitenge ni protini kidogo iliyoyazunguka. Moto mkali unaigandisha ile protini, na asidi inaharakisha kazi hiyo. Sosi nyingi za chupa zina asidi mara mbili: ya nyanya yenyewe, na ile iliyotiwa kuhifadhi, ambayo kwenye lebo utaiona kama siki, asidi ya sitriki au namba E330, au E260, ambayo ni asidi ya siki. Kwa hiyo tui lililokuwa likivumilia mchuzi wako wa kila siku wenye nyanya mbili halivumilii chupa. Tui la kopo huvumilia zaidi, kwa kuwa mengi yametiwa vitu vya kulishikanisha.

Bibi yangu alikuwa na neno lake: tui halipewi kisogo. Likiwa jikoni unalikoroga mpaka lichemke. Kwa mchuzi wa chupa nafuata utaratibu wake na kuongeza hadhari. Naanza na tui jepesi, la mkamuo wa pili, ndilo linalopikia nyama pamoja na sosi. Nyama ikiiva napunguza moto, natoa mkaa mwingine kabisa pembeni, kisha namimina tui zito kidogo kidogo huku nakoroga upande mmoja. Sifuniki. Linapoanza kupanda na kutoa mapovu ya kwanza, naepua. Ndimu inakuja baada ya kuepua, tena mezani ikiwezekana.

Mtindi ni mwepesi zaidi kukatika kuliko tui. Upige kwanza na kijiko cha unga wa dengu, uchanganye na mchuzi wa moto kijiko kimoja kimoja kwenye bakuli, ndipo uurudishe sufuriani nje ya moto.

Na mchuzi ukishakatika? Unalika, haudhuru mtu, ni sura tu. Epua, toa nyama, tia kasimile, lile tui zito la mkamuo wa kwanza, kijiko kimoja au viwili kwenye mchuzi uliobaki na uupige kwa nguvu, au upitishe kwenye blenda ukishapoa kidogo. Unarudi kiasi cha kumpa mgeni asiye mkwe.

Ila kama chupa yako ni ya kari ya Thailand, ya kijani au nyekundu, usishtuke ukiambiwa uchemshe tui zito mpaka litoe mafuta. Kule wanalikata kwa makusudi, kisha wanakaangia pesti kwenye mafuta hayo hayo. Na mafuta mekundu yanayoelea juu ya mchuzi wowote uliopikwa vizuri ni dalili njema. Ukiyaona mengi, yachote.

Chumvi imezidi

Chupa imeshatiwa chumvi, wewe ukatia yako, kuku alichemshwa na chumvi, kidonge cha supu cha dukani nacho kikatumbukizwa kwa mazoea, na wali una chumvi yake. Hakuna aliyekosea peke yake.

Lebo inakuambia mapema. Zingine zinaandika chumvi moja kwa moja. Zingine zinaandika sodiamu, na hapo unazidisha kwa 2.5 kupata chumvi. Tuseme imeandikwa sodiamu gramu 0.4 kwa kila gramu 100: hiyo ni gramu moja ya chumvi, na chupa ya gramu 450 ina gramu nne na nusu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Ukiigawa chupa hiyo kwa watu wanne, kila mmoja anapata zaidi ya gramu moja kidogo. Hapo hakuna ubaya, ubaya unaanza na yale mazoea ya mkono. Ukipika na chupa, chemsha nyama bila chumvi, pika mpaka mwisho, onja, ndipo uamue.

Kuhusu kiazi. Kila jirani atakuambia utose kiazi kibichi kinyonye chumvi. Kiazi kinanyonya mchuzi, pamoja na chumvi iliyomo, na mchuzi unaobaki una chumvi ile ile kwa kila kijiko. Kinachopunguza ni kuongeza kisicho na chumvi: tui, nyanya za kusaga, nyama zaidi, au hivyo viazi vyenyewe kama utavila kama sehemu ya chakula na kuongeza maji. Nimeshagombana na watu wazima kwa jambo hili, na sitarudi nyuma.

Mkali mno

Maneno mild, medium na hot, au zile picha za pilipili, ni kipimo cha kampuni yenyewe. Medium ya huyu ni hot ya yule, na hot nyingi za Uingereza kwa mtu aliyekulia pilipili mbuzi ni salamu tu. Usiamini hadi umeonja.

Kinachowasha kwenye pilipili huyeyuka kwenye mafuta, hakiyeyuki kwenye maji. Kuongeza maji kunakipa nafasi ya kutembea. Tia tui zito, krimu au mtindi, sukari nusu kijiko cha chai, na mtoto aliyeshaungua mdomo mpe maziwa.

Kuku mgumu, viazi vimekaa mawe

"Mimina, chemsha dakika ishirini" ni maelekezo ya minofu ya kuku wa kisasa. Kuku wa kienyeji anataka saa nzima, jogoo mzee na zaidi, na sosi ya chupa ikichemshwa muda wote huo inabaki gundi chini ya sufuria. Mchemshe kwanza peke yake na tangawizi na kitunguu saumu mpaka mfupa uanze kuachia, hifadhi supu, kisha umkutanishe na sosi kwa dakika kumi na tano za mwisho. Supu itumie kulegezea, kikombe kimoja tu.

Viazi ni kisa kingine, na watu hulaumu aina ya viazi. Kinachoshikilia ukuta wa kiazi hulainika polepole sana kwenye asidi. Tosa viazi vibichi vya Lushoto kwenye sosi ya nyanya na siki, chemsha saa moja, bado katikati vitakatika kwa mlio. Ni hivyo hivyo kwa kunde, maharage na njegere kavu. Chemsha pembeni kwa maji matupu mpaka vikaribie kuiva, ndipo uvitose. Kama vimeshakwama ndani, vichote uvimalizie kwenye maji ya moto, kisha uvirudishe.

Samaki amevurugika, au mchuzi una shombo

Chupa nyingi hazijawahi kukutana na samaki. Zimetungwa kwa kuku, na anayepika samaki hufuata dakika za kuku. Nguru au kolekole wa vipande vinene kama vidole viwili anataka dakika nane hadi kumi. Changu mdogo hata hizo hafiki.

Chemsha sosi peke yake kwanza mpaka ifikie uzito unaoutaka, kwa sababu samaki akiingia huwezi tena kuipunguza. Panga vipande, mwagia mchuzi juu kwa kijiko, funika nusu. Mwiko usiingie. Shika sufuria masikio mawili uitikise. Mimi huwakaanga juu juu kabla, wanashikana na wanavumilia safari.

Shombo haiondolewi na binzari. Inaondolewa dukani, kwa kutazama jicho na matamvua, na nyumbani kwa ndimu na chumvi dakika chache kabla ya kusuuza. Msimu wa kusi bahari inapochafuka na samaki wanapokuwa wachache, samaki wa barafu wa siku mbili tatu wanauzwa kama wa leo. Siku hizo napika mayai. Mayai ya kuchemsha ndani ya sosi ya dopiaza na chapati ni chakula ambacho hakijawahi kunigomea hata mara moja.

Kwa samaki chagua chupa yenye nazi au ukwaju, na uiepuke yenye krimu ya maziwa. Hii ni ladha yangu, usininukuu.

Umeshika chini

Sufuria nyembamba, mkaa umekolea, na sosi ina wanga (utaona "modified starch" au E1442) na sukari, ambavyo hukaa chini na kuungua kabla juu hapajachemka. Ukisikia harufu, usikoroge na usikwangue. Mimina wa juu kwenye sufuria nyingine, acha ulioshika pale pale. Onja. Kama moshi umeshapanda hadi juu, pole.

Kinga ni kufunga mlango wa jiko la mkaa, kutoa nusu ya mkaa, na kulegeza sosi kwa maji robo kikombe uliyosuuzia chupa.

Chupa yenyewe inatia shaka

Kwenye haya sina mchezo. Katikati ya kifuniko cha chuma panatakiwa pawe pamebonyea. Ukibonyeza dukani na panacheza kwa mlio, hewa imeshaingia, iache rafuni. Kopo lililovimba litupe bila kuonja, kwani sumu ya bakteria wa kwenye makopo haina harufu wala ladha ya kukuonya. Ukungu juu ya sosi iliyofunguliwa haukwanguliwi. Kitu cha majimaji kimeshapenyezwa hadi chini usikoona.

Tarehe ziko za aina mbili. "Best before" inazungumzia ubora: baada ya hapo harufu inafifia. "Use by" inazungumzia usalama, na hiyo haina mjadala. Chupa za rafu nyingi zina ile ya kwanza, ndiyo maana utazikuta zimeshushwa bei zikikaribia, na hakuna ubaya kununua kama unapika wiki hiyo. Kwa bidhaa za dukani tazama pia alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya shirika hilo, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa.

Ukishaifungua, sosi inakaa kwenye friji na nyingi zinasema imalizwe ndani ya siku tatu hivi. Pesti inaenda wiki kadhaa, mradi kijiko kiwe kikavu na mafuta yafunike juu. Umeme ukikatika, friji isipofunguliwa inashikilia baridi kwa muda wa saa nne hivi. Mchuzi uliobaki usilale mezani zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, kama Tanga ya Februari, saa moja. Mimi nagandisha pesti kwenye vile visahani vya barafu: kipande kimoja, mlo mmoja.

Mgeni akiwa na mzio, soma tena. Korosho, lozi, maziwa na haradali vimejaa kwenye chupa hizi, na pesti nyingi za Thailand zina kamba waliosagwa au samaki, hata ile inayoonekana ya mboga tupu. Kwa nyumba zetu nyingi hapa, alama ya halali nayo inatazamwa kabla ya bei.

Mchuzi hauna kosa lolote, ila hawautaki

Mzee wangu hula mchuzi wa chupa bila neno, kisha anaomba ndimu, pilipili, na "ule mchuzi wetu wa juzi kama umebaki." Nimejaribu kuficha chupa. Anajua. Kinachomjulisha, nadhani, ni harufu ya iliki na mdalasini: ya chupa imetulia, ya kwetu inatoka Amani juu ya Muheza, imenunuliwa Mgandini ikiwa nzima na kutwangwa asubuhi hiyo. Siku hizi natwanga punje tatu za iliki na kijiti cha mdalasini, nazikaanga pamoja na vitunguu kabla ya kufungua chupa yoyote. Bado anaomba ndimu. Ila ule wa juzi hajauulizia tena.

Chupa tupu inanuka hata baada ya kuoshwa

Kioo hakina kosa. Harufu imekaa kwenye ule mpira wa ndani ya kifuniko. Loweka kifuniko usiku kucha kwenye maji ya magadi ya kuokea, anika juani siku mbili. Haitaisha yote, kwa hiyo usihifadhie sukari wala majani ya chai. Tia binzari. Mamdogo ameshachukua nne, na ile ya korma ndiyo aliyoanza kuiulizia, kabla hata hatujaondoa sahani mezani.